Lori la Baba na Taa Isiyopumzika

Baba alinipigia simu asubuhi, nimetoka tu kufungua kibanda changu pale Mwanjelwa, Mbeya, bisibisi iko mdomoni na kompyuta ya mteja imelala mezani, mgongo wazi. Hakunisalimia kwa kirefu kama kawaida yake.

"Mama, njoo uchukue mashine yako," alisema. "Na usukani wake."

Baba huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Akiniita hivyo kwa sauti ya chini, najua kuna jambo.

"Imeharibika?"

"Mashine ni nzima. Mikono ndiyo imekwisha. Jana nimeangusha lori mara tatu."

Lori lenyewe ni la kwenye mchezo wa kompyuta. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana mimi sikucheka. Nilifunga kibanda, nikamwambia mwenye kompyuta aje kesho kutwa, nikatia vifaa begini na kwenda Uyole kutafuta basi la kwetu Nyololo.

Baba aliendesha lori la mbao za Mufindi tangu sijazaliwa mpaka nikawa fundi mwenye kibanda chake. Alipanda mlima Kitonga na mzigo, akateremka mteremko wa Mbalizi na mzigo, na njia nzima alijulikana kwa jambo moja, kwamba lori lake halijawahi kulala mtaroni. Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Siku moja alisimamisha lori pembeni ya barabara mbele ya nyumba yetu, akazima injini, akampigia simu tajiri wake alete dereva mwingine. Hakusubiri kufukuzwa wala hakusubiri kuua mtu. Nimewahi kusikia watu wakisifu wazazi wao kwa mashamba na kwa nyumba. Mimi namsifu wangu kwa ile siku aliyochomoa ufunguo mwenyewe.

Ila baada ya siku hiyo mkono ule uliingia mfukoni mwa koti na haukutoka tena. Ili uelewe ubaya wake, lazima ujue salamu ya kwetu. Ukisema kamwene unatoa mkono, na mkono ukishatolewa haurudishwi haraka. Unashikwa mpaka ziishe habari za nyumbani, za shamba, za mgonjwa na za mvua. Baba akawa anasema kamwene mkono uko mfukoni. Wageni wakadhani anaringa, na waliomfahamu wakaanza kumpitia mbali ili wasimtie aibu. Alipofiwa na mama yetu akawa hatoki kabisa. Alikuwa anakaa barazani akihesabu malori yanayopita, na akisikia breki za upepo zinapiga chafya anasema, "Huyo amechelewa kuweka gia nzito," kisha ananyamaza mpaka lori jingine.

Mimi ndiye niliyemrudisha barabarani, na hilo nalisema bila haya. Nilichukua kompyuta tatu zilizokufa, nikaunda moja hai. Usukani na pedali zake nilivipata kwenye mitumba ya Mwanjelwa, waya umekatika, nikauunga. Nikaweka mchezo wa kuendesha malori, nikampelekea Nyololo nimeifunga ndani ya blanketi. Siku ya kwanza aliuangalia ule usukani wa plastiki kama mtu aliyeletewa mtoto wa kuchonga. Siku ya pili akauliza breki ya mkono iko wapi. Kufika wiki ya pili shangazi yangu, dada yake anayeishi naye, ananipigia simu kulalamika kwamba kaka yake haji kula kwa sababu "hajapata pa kuegesha." Na haendeshi na ndala. Anavaa viatu vya kufunga na koti, anajipangusa, ndipo anakaa. Ng'ombe hazeeki maini, nikasema, na nikajipongeza njia nzima ya kurudi Mbeya.

Sasa mtu huyo anasema nikachukue usukani.

Nilifika mchana, ukungu umeshatanda barabarani. Shangazi alinipokea mzigo, akaninong'oneza kabla sijavuka kizingiti: "Usimbishie. Mikono imemwisha kweli, mimi nimemwona. Lori linakwenda vizuri, halafu picha inasimama, halafu likija kuonekana liko mtaroni. Anakaa pale anaitazama mikono yake."

Hapo moyo wangu ulifurahi, Mungu anisamehe. Picha inasimama! Mikono haisimamishi picha. Mikono ikikosea lori linayumba, linapanda tuta, linagonga nguzo. Picha ikiganda halafu ikaruka, hilo ni tatizo la mashine, na matatizo ya mashine ndiyo chakula changu. Nimefungua kompyuta za wakulima wa Usangu zilizojaa vumbi la mpunga mpaka feni haigeuki, nikazirudishia uhai. Nikamwamkia baba, nikamwambia akapumzike barazani, mashine niachie.

Nilianza ninavyoanza siku zote. Nikaizima, nikafungua ubavu, nikapuliza majivu ya jiko. Nikaiwasha tena, nikaangalia vilivyomo. Nikakuta programu tatu za kuzuia virusi, kila moja ya mgeni wake. Kwetu mgeni akija na zawadi haikataliwi, na siku hizi wageni wanakuja na flashi. Binamu mmoja kaweka yake, mwalimu wa kwaya yake, mwingine sijui nani yake, na baba kawashukuru wote. Walinzi watatu mlango mmoja, kila faili likipita wanalikagua wote, halafu wanakaguana wenyewe. Nikatoa wawili. Nikazima na vitu vinavyojiwasha bila kuitwa. Nikapima diski, nikaona ni nzee lakini haijaoza.

Kisha nikakaa mwenyewe kwenye usukani. Nikaendesha saa nzima. Nikapanda, nikateremka, nikapita kwenye mji wenye taa nyingi. Haikuganda hata mara moja. Ile taa ndogo ya diski pale mbele ya kasha, inayowaka diski ikifanya kazi, ilikuwa inapepesa na kutulia, inapepesa na kutulia, ndivyo inavyotakiwa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi sikusubiri hata kusifiwa, nilijisifu mwenyewe. Nilitoka barazani nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa jirani, "Baba, imepona! Nimeijaribu saa nzima. Sasa mashine haina kosa hata moja. Njoo uendeshe."

Akavaa viatu. Akakaa, akachomeka spika zake za masikioni. Mimi nikasimama mlangoni nikimsimulia shangazi habari za wale walinzi watatu, naye anacheka kwa kunipa heshima. Hadithi yangu haijaisha nikasikia pedali ya breki ikikanyagwa mpaka chini. Nikageuka. Picha imesimama katikati ya kona. Ikakaa hivyo, ikaruka, na lori likawa limelala ubavu.

Baba alitoa spika masikioni, akazikunja waya taratibu, akaziweka juu ya meza.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Wewe saa nzima. Mimi hata kilomita tano hazijafika."

"Baba, labda..."

"Umesema haina kosa. Umesema wewe fundi." Hakunikasirikia, na afadhali angenikasirikia. Mkono wa kulia ulirudi mfukoni. "Usukani kampe mtu anayeweza. Mimi nilishashuka mara moja, sioni aibu kushuka mara ya pili."

Akaenda barazani. Nilibaki nimekodoa macho kwenye kioo cha kompyuta, na nilijichukia. Yeye alikuja kwangu na shaka, mimi nikampa hukumu. Shaka ilikuwa inamwachia kamlango, labda ni mashine, labda ni mkono. Mimi na mdomo wangu nimefunga kamlango kale mbele ya dada yake, jirani naye akisikia.

Nilikwenda jikoni kumenya viazi na shangazi, maana nikikasirika lazima mikono yangu ishike kitu. Nilimenya nene mpaka shangazi akaninyang'anya kisu.

Pale pale jikoni nikamkumbuka baba na mafundi wake wa gereji, nikiwa binti mdogo. Lori likiwa na tatizo, fundi analichukua, anazunguka nalo, anarudi anasema mzee gari zima. Baba hakukubali hata siku moja. Alikuwa anamwambia, "Umeliendesha wewe, tupu. Panda na mimi, na mzigo wangu, kwenye mlima wangu." Fundi anapanda anakaa kiti cha kushoto, wanakwenda mpaka gari linakohoa, na hapo ndipo ugonjwa unaonekana. Kumbe mimi binti yake nimefanya yale yale ya mafundi aliokuwa anawafukuza. Nimeliendesha mwenyewe, tupu.

Nikafuta mikono, nikamfuata barazani.

"Baba, nimekosea. Sijapanda na wewe."

Nadhani alitambua maneno yake mwenyewe. Akainuka.

Nikavuta kigoda nikakiweka upande wa kushoto wa meza. Nikamwambia asinijali, aanze safari kama anavyoanza siku zote, asiruke kitu. Nami sikuangalia kioo wala mikono yake. Nikakazia macho ile taa ya diski, basi.

Akajipangusa koti. Akachomeka spika masikioni. Akabonyeza vitu viwili vitatu. Taa ikawaka, na haikupepesa. Iliwaka moja kwa moja kama taa ya sebuleni, na ndani ya kasha nikasikia diski inakwaruza kama panya kwenye gunia la mahindi. Mchezo wenyewe ulikuwa bado haujafunguliwa.

"Baba, umefungua nini?"

"Sijafungua kitu."

"Taa inasema umefungua."

Mzee mwenye heshima zake, mzee wa kanisa, aliinamisha kichwa kama mtu aliyekutwa chunguni. Kisha akatoa spika ya sikio la kushoto, akanipa.

Niliweka sikioni nikategemea kusikia muziki wa mchezo. Nikasikia kwaya. Ni kwaya ya kanisa letu la Kilutheri, siku ya tamasha, ile video yenye urefu wa saa tatu iliyogawiwa kila nyumba. Na katikati ya sauti ya pili, ile ya kina mama wa mstari wa mbele, nikamsikia mama. Usingekosea sauti yake, ilikuwa inatangulia wenzake kidogo kila ubeti, na mwalimu alishachoka kumkanya.

Nililia, sitaki kuficha. Baba alisubiri nimalize.

"Video naificha nyuma," alisema. "Sitaki dada aone, atasema nimechanganyikiwa. Lakini mama, mimi sijapanda mlima bila mtu kushoto tangu nijue kuendesha. Dereva hapandi mlima bila utingo. Mtu wa kukuongelesha. Mama yako nilikuwa nampeleka Mbalizi sokoni, anakaa pale, anaimba njia nzima. Kwenye hili lori lako kile kiti kiko tupu. Wiki hii nikaona nimuweke."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilipoijaribu niliwasha mashine upya na nikaendesha peke yangu. Baba alikuwa anasafiri na mkewe.

Nikatoa begini diski moja iliyokufa, nikaifungua mbele yake, maana baba haelewi maneno, anaelewa chuma. Nikamwonyesha ile sahani inayozunguka na kile kijiti chembamba kinachosoma juu yake, kama sindano ya santuri.

"Kijiti ni kimoja tu," nikamwambia. "Lori lako likikaribia kona, mchezo unakituma kikalete milima na barabara ya mbele. Hapo hapo video inakiita kikalete wimbo. Na kumbukumbu ya mashine hii ni ndogo, kinachozidi inakitupa humu humu kwenye diski, kwa hiyo kijiti kinaitwa na watu watatu. Kinakimbia huku, kinakimbia huku. Wewe umeshakata kona, mashine iko bado inahangaika. Picha ikija kufunguka, lori limeshapita kona."

Alikigusa kijiti kwa kidole. "Kwa hiyo mimi nilikata."

"Ulikata kwa wakati. Yenyewe ilichelewa kukusikia."

Nilimwona anaugeuza ule mkono, anauangalia juu na chini.

Dawa ya haraka ilikuwa kufunga video. Nilimfungia ili ajionee. Akaendesha kilomita ishirini, laini, hakuna kuganda. Akaegesha.

"Inakwenda vizuri," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekunywa uji usio na sukari.

Fundi mwingine angefunga begi hapo. Mimi niliona wazi kwamba nimeponya mashine na kumwacha mgonjwa. Huwezi kumwambia mtu achague kati ya barabara na mke wake. Nilikuwa na kompyuta yangu ya kubeba, ile ninayofanyia kazi, na ndani yake diski ndogo ya kisasa isiyo na sahani wala kijiti. Nikaifungua. Nikatoa diski, nikatoa na kipande kimoja cha kumbukumbu, yaani ram, kilichoingiana na mashine ya baba. Kazi zangu za Mwanjelwa nikazihamishia kwenye diski ya akiba, kompyuta yangu ningejua la kuifanya mbele ya safari. Mfumo wa mashine na mchezo vikaenda kwenye diski mpya, vina barabara yao wenyewe. Ile nzee nikaiacha na kazi moja tu, mama na kwaya yake. Video nikainakili pia kwenye flashi yangu, kwa sababu diski nzee haiaminiki, na mama hatumfuti.

Kunakili kulichukua jioni yote mpaka usiku. Baba alikaa na mimi ananishikia tochi ndani ya kasha, na mwanga ulikuwa unacheza kwenye waya kwa sababu aliishika kwa mkono wa kulia. Hakuuhamisha, nami sikumwambia ahamishe. Nilizifunga skrubu zile kwa mwanga unaotetemeka, na nakuambia sijawahi kufunga skrubu nzuri kuliko zile.

Asubuhi ya pili, baada ya chai na viazi, akavaa viatu. Nikakaa kigodani. Akafungua kwaya, safari hii hakuificha haraka. Kisha akachomoa waya wa spika za masikioni, na sauti ya pili ikajaa sebule nzima. Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akasimama. Halafu akaanza kuimba nao, taratibu, hakuuliza kitu.

Baba akaingia mlimani. Sikuangalia kioo. Niliangalia taa, ikawa inapepesa na kutulia, inapepesa na kutulia, kila pigo ni la mama tu. Ndipo nikathubutu kuangalia mikono. Ilikuwa inatetemeka. Sitadanganya hapo, wa kulia hasa, mpaka kidole gumba kilikuwa kinagonga usukani. Lakini alikuwa ameuweka pale unapotakiwa, akavuta kidogo, akaachia kidogo, akateremka mlima mzima kwa gia nzito, na lori halikugusa hata mstari mweupe. Alipofika chini akaegesha sawasawa, akavuta breki, akazima injini, akaiangalia mikono yake juu ya mapaja.

"Nimeisingizia," alisema.

Mchana alinisindikiza barabarani kungoja basi. Usukani ulibaki mezani kwake, hakuna aliyeutaja tena. Pale kituoni alikuwepo dereva mwenzake wa zamani, anasubiri mzigo wa mbao. Yule mzee alipotuona akasema kamwene kwa mbali, akabaki alipo, kama walivyozoea wote kumstahi. Baba akamfuata. Akatoa mkono mfukoni, akaunyoosha, unatetemeka mbele za watu wote wa kituo.

Yule mzee akaupokea. Wakaulizana habari za nyumbani, za shamba, za mvua, na ya mgonjwa mmoja nisiyemjua. Basi langu likaja, likapiga honi, nikapanda, nikakaa dirishani. Tukaondoka, na walikuwa bado wameshikana.